Perseze mpya ao ya zamani? Chagua kwa kufikiri vidole vyako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu pamoja naye,

Wengi kati yenu mna kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya kampuni, yenye posti, shefu na kofia ya usalama. Ya pili ni ile ya lupango: nyuma ya nyumba, chini ya bati, pale mnapotengeneza milango, madirisha ya chuma, vitanda, mikokoteni na mbabula. Kazi hii ya pili inalipa masomo ya watoto. Kwa yule anayekaribia pansio, ndiyo itakayomlisha kesho.

Siku moja fundi wa lupango anachoka kutoboa kwa perseze ya mkono. Matundu yanakwenda upande, meshi zinavunjika, mabega yanauma. Anaanza kuweka franga pembeni na kusema: «Sasa ninataka perseze ya kusimama, ile yenye nguzo na meza.» Hapo swali linatokea: ninunue mpya ya dukani, ao ya zamani iliyotoka katika atelye?

Wazee wanatupa majibu mawili. Wengine wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wengine wanasema ya kale ni dhahabu. Mimi kazi yangu si kutoboa chuma. Ni kufunga vidonda vya wale wanaokitoboa. Kwa hiyo, juu ya mambo ya chuma nimeuliza maajistere wenye miaka mingi ya kazi. Juu ya vidole na macho, ninawaambia yale ninayoyaona katika dispanseri. Na tumepatana jibu moja: usianze kwa kuuliza kama mashini ni mpya ao ya zamani. Anza kwa kuuliza kama itakuachia mikono yako miwili.

MASWALI MANNE KWA MASHINI YOYOTE

Kila perseze, hata ikiwa inang'aa, hata ikiwa ina umri wa baba yako, inapaswa kujibu maswali manne.

La kwanza: je, inashika chuma? Meza yake iwe na mianya ya kupitisha buloni, ili eto ifungwe juu yake. Meza yenyewe ikikazwa, isitikisike tena.

La pili: je, inazimika upesi? Kidude cha kuzimia kiwe mbele, pahali mkono wa kushoto unapofika bila kutafuta, wakati mkono wa kuume ungali umeshika mkono wa mashini.

La tatu: je, umeme ukikatika na kurudi, mashini inabaki imelala? Wote tunajua ya kuwa katika kartie zetu umeme unakwenda na kurudi bila kuaga. Fikiri fundi aliyekuwa anatoboa. Umeme unakatika. Anaacha kila kitu namna kilivyo, anaingiza vidole kati ya meshi na chuma ili kuondoa maganda. Umeme unarudi. Mashini haimwoni, inaanza kuzunguka. Kwa hiyo perseze inayofaa ina kifungio chenye vidude viwili, cha kijani na chekundu, ambacho kinajiachia chenyewe umeme unapokatika. Ili izunguke tena, ni lazima mtu abonyeze kijani.

La nne: je, vitu vinavyozunguka vimefunikwa, na mwili wa mashini umeunganishwa na waya wa ardhi? Mikanda na puli za juu ziwe chini ya kifuniko. Waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, utoke kwenye fishi na kufika kwenye mwili wa chuma wa mashini.

Mashini inayojibu «ndiyo» mara nne inastahili franga zako. Isiyojibu hivyo, uliza kama inaweza kutengenezwa, na kwa bei gani. Kama haiwezi, iache kwa mwuzaji, hata akipunguza bei mpaka nusu.

ILE MPYA YA DUKANI

Perseze nyingi mpya zinazouzishwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni ndogo, za kuweka juu ya meza ya kazi. Nyingine zinapita kwa mpaka wa Kasumbalesa pamoja na bidhaa zingine. Zina faida zake. Motere ni ya 220, inafaa umeme wa nyumba. Mara nyingi kile kifungio cha kijani na chekundu kipo tayari. Kifuniko cha mikanda kipo. Kuna karatasi ya kueleza namna ya kuitumia, na faktire yenye jina lako.

Lakini zina ubaya pia. Mashini mpya za bei ndogo zimetengenezwa kwa chuma chepesi. Ukikaza mkono, meza inainama kidogo, na tundu halisimami wima. Tena nyingi zina mwendo mkubwa mno: mwendo wake wa chini kabisa ni kama mizunguko 500 ao 600 kwa dakika. Mwendo huo unafaa meshi ndogo, lakini ni mwingi kwa meshi kubwa katika chuma.

Fungua vema macho yako dukani. Usikubali kuuziwa sanduku lililofungwa. Omba lifunguliwe, mashini isimamishwe, iwashwe. Angalia maandishi ya kibao: mandreni ya milimita 13 inatosha kwa kazi nyingi za lupango. Ikiwa unafikiri kutoboa matundu makubwa zaidi, tafuta mashini yenye koni ya Morse namba 2. Hiyo inapokea meshi zenye mkia wa koni, mpaka karibu milimita 23.

ILE YA ZAMANI

Nchi yetu ya shaba imekuwa na maatelye makubwa kwa muda mrefu, na mashini za zamani zingali zinatembea toka mkono mmoja mpaka mwingine. Perseze ya namna hiyo ni ya fonti nzito. Haitikisiki. Ina mwendo wa polepole wenye nguvu. Ikiwa ilitunzwa, itatumika hata kwa watoto wako. Ndiyo maana maajistere wanaipenda.

Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya atelye, siyo kwa ajili ya nyumba. Mara nyingi motere yake ni ya trifaze, 380. Pengine kifuniko cha mikanda kilipotea zamani. Pengine kifungio chake kiliharibika, na mtu akaweka pahali pake kile cha kuwashia taa ya chumba. Kifungio cha taa hakijiachii. Umeme ukirudi, mashini inarudi pia.

Tena kuna jambo la karatasi. Mashini yenye kilo zaidi ya 100 haitoki katika atelye peke yake. Mwuliza mwuzaji: ilitoka wapi? Faktire iko wapi? Ao boni ya kutoka? Angalia ikiwa namba iliyopigwa katika chuma imefutwa kwa meule, ao kibao kimeng'olewa. Ikiwa ndivyo, rudi nyumbani na franga zako. Mashini ya wizi inaweza kukupeleka gerezani na kukunyima kazi, na hakuna bei nzuri inayofidia hayo. Kununua kitu cha wizi ni kumsaidia mwizi.

MAMBO MANANE YA KUJARIBU MBELE YA MWUZAJI

Nenda mchana, si usiku. Chukua rafiki anayejua mashini. Chukua na vitu vichache: meshi mpya iliyonyooka ya milimita 10, nyundo ndogo, taa, kitambaa. Kisha fanya hivi, kwa utaratibu, bila kusukumwa na maneno ya mwuzaji.

1. Angalia mwili wote, mashini ikiwa imezimwa na fishi imetolewa. Tafuta nyufa katika meza, katika kichwa na katika mguu. Gonga fonti polepole kwa nyundo. Fonti nzima inalia kama kengele. Yenye ufa inalia sauti ya chungu kilichopasuka. Fonti iliyosudiwa ni ya kuogopwa.

2. Shusha ule mti unaobeba mandreni mpaka mwisho, uushike, uusukume mbele na nyuma, kushoto na kuume. Ukicheza sana, mashini imechoka mahali pagumu kutengeneza.

3. Achilia polepole mkono wa kushushia. Mti urudi juu wenyewe. Usiporudi, mrijo wake umevunjika ao umelegea. Meshi inayobaki chini inangojea kidole.

4. Funga ile meshi ya milimita 10 katika mandreni. Izungushe kwa mkono, ukiangalia ncha yake karibu na kitu kisichotikisika. Ikiwa ncha inachora duara, jaribu meshi nyingine. Ikiwa hata hiyo inachora duara, mandreni ao mti umepinda ao umekwisha.

5. Jaribu ufunguo wa mandreni. Meno yake yashike vema. Mandreni iliyolika inaachia meshi katikati ya kazi.

6. Pandisha na kushusha meza, kisha ikaze. Isishuke yenyewe.

7. Washa mashini na uiache izunguke dakika 10 kwa mwendo wa juu. Sikiliza rulema: sauti ya kusaga kama mchanga ni rulema zilizokwisha. Hizo zinaweza kubadilishwa, lakini hesabu bei yake. Gusa motere kwa mgongo wa mkono: joto kidogo ni kawaida, moto wa kuunguza siyo.

8. Mashini ikiwa inazunguka, simama mbali nayo na utoe fishi. Ngojea isimame kabisa. Rudisha fishi. Ikianza kuzunguka peke yake, kifungio hakifai. Bei ya kifungio kipya itoke katika bei ya mwuzaji.

Mashimo mengi ya meshi juu ya meza yanakuambia nini? Yanakuambia ya kuwa wale walioitumia hawakuweka ubao chini ya kazi yao. Si ugonjwa wa kufa, lakini watu wa namna hiyo pengine hawakutia hata mafuta. Angalia mengine kwa uangalifu zaidi.

UMEME: 220 AO 380?

Katika nyumba zetu umeme ni 220, nyuzi mbili na ule wa ardhi. Motere ya trifaze haiwezi kutumika hivyo hivyo. Soma kibao chake. Kikiandikwa 220/380, fundi wa umeme anaweza kuifunga kwa 220 na kuiendesha kwa kifaa kinachogeuza umeme wa monofaze kuwa trifaze. Kikiandikwa 380/660, njia hiyo ya kawaida haifai; inabaki kubadilisha motere. Kwa vyote viwili, uliza bei mbele ya kununua mashini, si baada ya kuifikisha nyumbani.

Usikubali fundi wa kartie akuambie: «Waya wa ardhi si kitu, mashini inazunguka bila huo.» Ni kweli inazunguka. Lakini siku waya moja ndani ya motere inachunika na kugusa chuma, mwili wote wa mashini unakuwa umeme, na wewe umeushika kwa mikono yenye jasho. Fundi anayejua kazi ataweka fimbo ya ardhi, ataipima, na ataongeza dijonkteri diferansieli ya miliampere 30, inayokata umeme upesi unapopita katika mwili wa mtu. Kumbuka pia ya kuwa katika Katanga wakati wa kiangazi udongo unakauka, na udongo mkavu unapokea umeme vibaya. Mwambie fundi apime wakati huo pia.

Ralonji iwe nene, ya milimita 2,5 mraba, yenye nyuzi tatu. Usiitumie ikiwa imezungushwa juu ya gurudumu lake, kwa sababu inapata moto. Usiipitishe pahali maji ya kufulia yanapomwagika.

MWENDO WA MESHI

Meshi kubwa inataka mwendo mdogo. Meshi ndogo inataka mwendo mkubwa. Kwa meshi za kawaida zenye alama HSS, katika chuma laini, maajistere wanatoa hesabu hii:

— meshi ya milimita 5: karibu mizunguko 1300 kwa dakika;
— milimita 10: karibu 650;
— milimita 16: karibu 400;
— milimita 20: karibu 320.

Chuma kisichoshika kutu kinataka nusu ya hapo, ao chini yake. Aluminiumu na mbao zinakubali mwendo zaidi. Ndiyo sababu, mbele ya kununua, fungua kifuniko cha juu na uangalie mwendo wa chini wa mashini. Mtu anayetaka kutoboa milimita 16 katika chuma cha mlango na mashini ya mizunguko 600 atachoma meshi, atasukuma kwa nguvu zote, na siku moja meshi itashika chuma na kukigeuza.

BEI HAIMALIZIKI KWA MWUZAJI

Hapa ndipo mafundi wengi wanapojidanganya. Wanahesabu franga za mashini peke yake, wanazimaliza zote, kisha wanashika chuma kwa mkono kwa sababu hakuna eto. Mama wa nyumba, hapa tunahitaji msaada wako. Wewe ndiwe unayejua kuhesabu mpaka mwisho wa mwezi. Bwana akikuambia bei ya mashini, mwulize: «Na eto? Na miwani? Na fundi wa umeme? Na gari la kuileta?»

Shauri letu ni hili: gawa franga ulizo nazo mafungu 10. Mafungu 7 ni ya mashini. Mafungu 3 yabaki kwa ajili ya vitu hivi: eto ya kufunga juu ya meza, miwani ya usalama yenye mbavu, brosi ya kuondolea maganda, kifungio ikiwa kinakosekana, waya wa ardhi, na buloni za kufungia mguu wa mashini katika simenti ao katika meza nzito. Perseze ina uzito mwingi juu. Isipofungwa, siku moja inaanguka juu ya mtoto. Ikiwa mafungu 7 hayatoshi kununua mashini hiyo, basi mashini hiyo si ya mfuko wako wa leo. Ngojea, ao tafuta ndogo. Rahisi ghali, na ghali kuliko zote ni kidole.

Ukichagua ya zamani, ongeza mambo mawili ya afya. Rangi nyingine za zamani zina risasi ndani yake, na risasi inaharibu akili ya watoto wadogo. Usizikwangue kavu. Lowanisha, kusanya vumbi lote, watoto wawe mbali, nawa mikono mbele ya kula. Na ikiwa motere ya zamani ina kondansatere inayotoa mafuta, usiyaguse. Pengine ni mafuta ya sumu. Mwachie fundi mwenye glavu za kufaa, naye aibadilishe. Kondansatere inaweza pia kushika umeme hata kama fishi imetolewa.

Kuileta nyumbani pia ni kazi. Shusha meza mpaka chini, ifunge, lala mashini juu ya mbao, watu wawe wa kutosha. Migongo mingi tunayopaka dawa iliumia katika dakika moja ya kusema «twende, mimi peke yangu nitaweza».

GLAVU: HAPANA!

Katika mgodi tunawaambia kila siku: vaa glavu. Hapa tunawaambia kinyume: mbele ya meshi inayozunguka, toa glavu. Mmoja wenu anaweza kushangaa. Sababu ni hii. Meshi ikigusa ngozi tupu inakata, na mtu anaruka nyuma. Ikigusa glavu, inaishika, inaizungusha, na inavuta vidole vyote vilivyo ndani. Kijana mmoja alitufikia na glavu ya ngozi ingali mkononi mwake, imezungushwa kama kamba. Glavu haikuchanika. Vidole viwili ndivyo vilivyochanika. Alikuwa mtu wa kazi, mwangalifu, na alidhani anajikinga.

Mambo mengine yanashikwa vilevile: mikono mirefu ya shati, tai, kamba ya kofia, mnyororo wa shingo, nywele zilizosukwa, kikwembe kinachoning'inia, na pete. Kunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Funga nywele. Toa pete na uiweke mfukoni. Hakuna bibi atakayekasirika.

Zaidi ya hayo, shika kanuni hizi chache:

Funga kazi yako. Hata kipande kidogo. Hata tundu moja tu. Chuma kirefu kisichoingia katika eto, kielekeze upande wa kushoto, kiegemee nguzo ya mashini, kisha ukifunge. Meshi ikikishika, itakisukuma juu ya nguzo, si juu ya tumbo lako.

Bati jembamba ndilo baya kuliko yote. Meshi inapotokea upande wa pili inalishika, na bati linazunguka kama panga. Liweke juu ya ubao, ufunge ubao mwingine juu yake, utoboe vyote pamoja. Na kwa kila chuma, unapokaribia kutokea chini, punguza nguvu ya mkono.

Toa ufunguo wa mandreni mbele ya kuwasha. Kila mara. Ufunguo uliosahauliwa unaruka kama jiwe la manati.

Ondoa maganda kwa brosi, mashini ikiwa imesimama. Si kwa kidole, si kwa kupuliza na kinywa.

Usitie mafuta ya zamani ya motokari juu ya meshi. Yanaharibu ngozi, na yakiigusa miaka mingi yanaweza kuleta saratani. Tumia mafuta ya kukatia chuma, na unawe kwa sabuni.

Unapomaliza, toa fishi, funga mlango kwa kifuli. Mtoto anapenda kufanya kile alichoona baba anafanya.

KAMA AJALI IMEFIKA

Zima kwanza. Toa fishi. Ikiwa mtu ameshikwa na umeme, usimguse mbele ya kukata umeme, kwani mtakuwa wagonjwa wawili. Ikiwa kitambaa ao kidole kimezungushwa katika meshi, usikivute kwa nguvu. Mashini ikizimwa, zungusha mandreni kwa mkono kinyume, polepole.

Damu ikitoka, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila mara kuangalia. Inua mkono juu. Toa pete upesi mbele ya mkono kuvimba. Usitie udongo, kahawa, petroli wala dawa ya meno. Hivyo vinaleta uchafu, na sisi tunapoteza muda wa kuvisafisha.

Kidole kikikatika kabisa, usikitupe. Kifunge katika kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi, kiingize katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uuweke ndani ya maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu, wala kisiwekwe katika alkoli. Kije pamoja na mgonjwa. Pengine munganga hataweza kukirudisha. Lakini kikibaki nyumbani, hakika hataweza.

Ganda la chuma likiingia katika jicho, usisugue. Osha kwa maji safi mengi. Likikataa kutoka, ao ukiona vibaya, funika jicho bila kulikandamiza na uje siku hiyo hiyo. Usimwachie rafiki alitoe kwa ncha ya kiberiti. Usitie maziwa ya mama, wala dawa ya macho ya jirani. Chuma kikikaa ndani ya jicho kinaanza kutoa kutu kwa siku moja ao mbili. Na ikiwa ganda liliruka kwa nguvu, kuja ni lazima hata kama maumivu ni kidogo. Linaweza kuwa limepenya ndani.

Tena angalia kitabu chako cha chanjo. Pepopunda haipitii tu kwa msumari wenye kutu. Inapita kwa kidonda chochote kichafu. Ikiwa chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5 na kidonda ni kichafu, njoo upate nyingine. Ikiwa hujui ulichanjwa lini, usingojee kidonda.

NENO LA MWISHO

Basi, mpya ao ya zamani? Kama huna rafiki anayejua mashini, kama nyumba yako ina umeme wa 220 peke yake, na kama kazi yako ni milango na mbabula, ile mpya ndogo yenye kifungio kizuri inakufaa, mradi franga za eto zibaki. Kama unatoboa chuma kinene, kama una ajistere wa kukusaidia kupima, kama karatasi ni safi na umehesabu bei ya umeme, ile ya zamani ya fonti itakutumikia vema zaidi.

Kata ukurasa huu, uuchukue siku unapokwenda kununua. Jaribu yale mambo manane, uliza yale maswali manne. Mwuzaji akikuharakisha, mwambie haraka haraka haina baraka.

Mashini ikiharibika, kuna vipande vya kununua. Mkono ukiharibika, hakuna duka.